Antena ya ndani inaganda kila ikifika saa moja na nusu jioni, mchana ipo safi kabisa. Tatizo ni nini wadau?

#1 BintiKimanga
Habari zenu wadau. Naombeni msaada kwa anayejua mambo ya antena maana nimeshachoka. Nimepanga Tabata Kimanga, nyumba ya ghorofa na mimi nipo chini, mwenye nyumba hataki mtu apande kwenye paa wala kutoboa ukuta, alishasema toka siku ya kwanza, kwahiyo dishi sahau na antena ya nje sahau. Nikanunua antena ya ndani Kariakoo, ile nyembamba kama karatasi ya kubandika ukutani, ina busta yake ya kukuza mawimbi, ya kuchomeka USB na boksi limeandikwa kilomita 200. Mchana inashika vizuri mno, chaneli zote za bure zinakuja. Sasa ikifika saa moja na nusu jioni sauti inaanza kukwaruza, picha inakuwa viboksi viboksi, saa mbili ya taarifa ya habari ndo inaandika hakuna mawimbi. Saa nne na nusu usiku inarudi yenyewe kama vile hakuna kilichotokea.

Naishi na bibi yangu ana miaka 81 na kitu anachokisubiri siku nzima ni hiyo taarifa ya habari. Anaswali, anavaa miwani, anakaa kwenye kiti chake, halafu mtangazaji anaganda kafungua mdomo. Inaniuma kwa kweli.

Kwenye menyu mstari wa nguvu unaonyesha 92 mchana na usiku, haushuki. Ule wa ubora ndo unatoka 70 unaenda chini ya 20. Imekaaje hii?

#2 kijana_wa_Keko
Hamisha ukuta. Weka dirishani. Mimi ilikuwa hivyohivyo.

#3 BintiKimanga
Mkuu ipo dirishani tayari. Nimezunguka nayo nyumba nzima mpaka jikoni.

#4 Ngosha Mtaalam
Dada hapo kwenye boksi ndo walipokupiga. Hakuna antena ya ndani ya kilomita 200, hata ya nje yenye mlingoti hiyo kilomita 200 ni ndoto maana dunia yenyewe ni duara, mnara unazama huko chini kabla hujafika nusu ya huo mwendo. Pia msidanganyike na neno "antena ya dijitali". Antena haijui dijitali wala analojia, ni kipande cha chuma kinachopokea mawimbi ya UHF, yale yanayobeba TV, ile Yagi ya zamani ya mzee wako, ya vijiti vijiti, kama ni ya UHF inashika king'amuzi cha leo vizuri tu. Kilichobadilika ni kwamba zamani mawimbi yakiwa dhaifu ulipata chenga lakini mtu unamuona, siku hizi ni picha safi au giza, katikati hakuna.

Umesema vizuri nguvu 92 ubora 20. Hiyo ina maana kitu kinaingia kwenye antena kwa wingi ila siyo kile unachokitaka, ni kelele. Saa moja na nusu watu wanawasha nini? TAA. Hizi balbu za LED za bei chee ndani zina kisakiti kidogo cha kubadilisha umeme na kile kinatoa uchafu wa mawimbi balaa. Zima taa zote za ndani ukiwa kwenye ule mstari wa ubora uangalie unapanda au la.

#5 mama_Junior2
Hata chaja za simu za elfu mbili. Mimi nikichomeka chaja kwenye extensheni moja na king'amuzi redio ya mume wangu inalia nzzzzz.

#6 Fundi Side
Naheshimu mawazo ya Ngosha hapo #4 ila mimi kazi yangu ndo hii na Tabata naijua, jioni umeme unakuwa mdogo. Kila mtu kawasha pasi, feni, friji, birika. Hiyo busta inakula volti 5 toka USB ya TV au adapta, umeme ukishuka adapta dhaifu inatoa volti 4 na kitu, busta ikipungukiwa inakuwa haikuzi mawimbi vizuri inaanza kutengeneza takataka zake yenyewe. Ndo maana nguvu inabaki juu ubora unashuka. Hesabu muda wake, saa moja na nusu mpaka saa nne na nusu, huo ndo muda watu wanatumia umeme kuliko wakati wowote. Saa nne na nusu watu wanalala umeme unapanda picha inarudi. Mbona ipo wazi.

#7 Ngosha Mtaalam
Na taa nazo zinazimwa saa nne na nusu fundi. Muda huohuo.

#8 Fundi Side
Sawa, basi apime.

#9 Pwani Raha
Mnasahau bahari. Mimi nimekulia Tanga, enzi za analojia ikifika jioni baada ya jua kali tulikuwa tunapata stesheni za Mombasa kama vile zipo barabara ya pili, mchana huzioni hata kwa dawa. Hewa ya joto inalala juu ya hewa ya baridi ya baharini, mawimbi badala ya kupotea angani yanarudishwa chini yanasafiri mbali sana. Kwahiyo jioni mnara wa mbali unaotumia masafa yaleyale unakuja kumgongea dada kwenye antena yake. Toka wazime analojia 2013 watu wanadhani hili limeisha, halijaisha, zamani uliona mistari siku hizi picha inaganda tu.

#10 Mzee Upanga
Nikusahihishe kidogo kijana #9, Dar es Salaam ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Hiyo 2013 ni mikoa mingine ilikuwa inafuata mmojammoja, Dodoma na Tanga, Mwanza, Moshi na Arusha, Mbeya. Nakumbuka vizuri maana mwaka mpya huo tulikaa na TV ya chogo haina kitu, king'amuzi sikuwa nimenunua.

Lakini kwenye bahari yupo sahihi. Zanzibar walianza TV ya rangi 1973, sisi bara tumengoja mpaka 1994. Miaka hiyo hapa Upanga mwenye TV alikuwa anasimamisha mlingoti mrefu kama wa bendera anaelekeza Unguja. Kuna siku ilikuwa safi utadhani upo Forodhani, kuna siku chenga tupu, na hakuna aliyegusa antena. Tulikuwa tunasema leo bahari imekubali.

#11 kijana_wa_Keko
Shikamoo mzee, kumbe TV ya chogo hukuitupa siku ileile 😂

#12 Mzee Upanga
Marahaba. Ipo stoo na inawaka.

#13 Doreen wa Goba
Kwanini usinunue dishi dogo tu dada uachane na presha

#14 BintiKimanga
@Doreen soma #1 mpenzi, mwenye nyumba. Halafu dishi mvua ikipiga nalo linakata.

Wadau nimejaribu ya Ngosha jana usiku. Nimezima taa zote za ndani, bibi kakaa gizani ananiuliza kuna nini. Ubora ulitoka 18 ukaenda 26 halafu ukarudi 20. Yaani kama unafanya kitu lakini haufanyi.

#15 Ngosha Mtaalam
Umezima zako. Za jirani wa juu je? Za korido? Ya nje ya geti? Antena ipo dirishani inatazama taa ya nani? Mawimbi hayajui mpaka wa chumba.

#16 BintiKimanga
Ya korido ipo kama mita moja toka dirisha langu. Inawashwa na mama wa chumba cha pili akifunga duka lake, kama saa moja na robo hivi.

#17 Ngosha Mtaalam
😳 Mnaona?

#18 Mtu wa Minara
Wote mnaruka jambo moja. Megahezi 694 kwenda juu ilikuwa ya TV, sasa ni ya simu, 4G inatumia 700 na 800. Hizi antena za ndani za madukani zimetengenezwa kushika mpaka 862 maana ni michoro ya zamani, kwahiyo inabeba TV pamoja na mnara wa simu uliopo nyuma ya nyumba yako kwa mpigo, halafu busta inakuza vyote bila kuchagua. Tuseme mnara wa simu upo mita 150, wa TV upo kilomita kadhaa. Busta inalemewa. Jioni watu wote wapo nyumbani wanatazama video kwenye simu, mnara unafanya kazi kwa nguvu zote. Dada hebu angalia nje, kuna mnara wa simu karibu?

Dawa yake ni filta ndogo ya kuzuia 4G inakaa kati ya antena na busta. Au anza na jambo la bure kabisa, TOA BUSTA. Watu wengi mjini hawahitaji busta.

#19 Fundi Side
Hapo kwenye kutoa busta naungana na wewe mia kwa mia. Nimeshaenda nyumba sita saba mtu analia haina picha, natoa busta picha inakuja, ananiangalia kama nimemroga. Busta haitengenezi mawimbi mazuri, inakuza kilichopo, kama kilichopo ni kibaya unapata kibaya kikubwa. Ni kama kumpa kipaza sauti mtu mwenye mafua.

#20 BintiKimanga
Mnara upo, nauona kwenye dirisha la chooni.

#21 Mombasani Leo
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu tulihamia dijitali 2015 na kelele zilikuwa si haba, mwezi wa pili chaneli kubwa zilizima kabisa karibu wiki tatu watu wakawa watazama ukuta. Sisi antena twaita erio. Erio yangu ni ya ndani na shida yangu ilikuwa hiyohiyo ya jioni, nikahangaika na stima, taa, kila kitu. Mwisho ikawa ni waya wa HDMI! Ule waya wa bei rahisi kati ya king'amuzi na TV wavujisha mawimbi yaingiayo kwa erio ikiwa iko karibu. Niliiweka erio mita mbili mbali na TV, kwisha. Dada erio yako iko umbali gani na TV?

#22 Pwani Raha
Lakini HDMI ya Mombasa ilikuwa inavuja jioni tu?

#23 Mombasani Leo
Jioni ndio nilikuwa nikifika nyumbani, ndugu yangu. Mchana siijui.

#24 Abuu Swaumu
Mimi niongelee waya maana hakuna aliyeugusa. Hizi antena zinakuja na waya mwembamba kama wa hedifoni, ndani shaba ni unywele. Ukute dada kaunganisha kipande kingine kufika dirishani. Fungua koneka uangalie vile vinywele vya waya wa nje, vile vilivyosukwa, kimoja tu kikigusa shaba ya katikati umekwisha. Mimi nilikuta kimoja, kimoja tu, chembamba hata kwa macho hakionekani, nilikiona kwa tochi ya simu, nikakikata kwa wembe ubora ukatoka 30 ukaenda 80. Na kama kuna splita ya kugawa TV mbili ujue umepoteza nusu ya mawimbi na zaidi.

#25 BintiKimanga
@Abuu Swaumu nimefungua leo asubuhi. Havijagusa ila shaba ya katikati ilikuwa fupi haifiki vizuri ndani, nimeirekebisha, mchana imepanda toka 70 hadi 78. Asante sana. Jioni ikarudi palepale.

@Mombasani ipo kama hatua tatu na TV.

#26 Zebedayo K
Tengeneza yako mwenyewe achana na hizo karatasi. Chukua waya wa umeme wa milimita 2.5, vua plastiki, kata vipande viwili vya sentimita 28 kila kimoja, vipigilie kwenye ubao vikitazamana kushoto na kulia viache nafasi ya kidole katikati visigusane, waya wa antena shaba ya katikati funga kushoto, ule wa kusukwa funga kulia. Gharama haifiki elfu tano. Yangu ina mwaka wa tatu.

#27 Mtu wa Minara
Mkuu Zebedayo hiyo 28 ni ya vyote viwili kwa pamoja, siyo kila kimoja. Hesabu ni gawanya 7500 kwa masafa ya chaneli yako unapata sentimita za mkono mmoja. Tuseme masafa yako ni megahezi 530, 7500 gawanya kwa 530 ni 14 na kidogo, ukipunguza nusu sentimita siyo mbaya maana shaba nene inataka fupi kidogo. Masafa unayaona kwenye menyu ukisachi chaneli kwa mkono.

#28 Zebedayo K
Daah! Mbona yangu ya 28 inashika sasa?

#29 Mtu wa Minara
Upo wapi?

#30 Zebedayo K
Mikocheni

#31 Mtu wa Minara
Huko hata uma wa chakula utashika.

#32 Shemeji wa Houston
Wadau nisamehe natoka nje ya mada kidogo ila inaendana. Shemeji katuletea TV kubwa toka Marekani, tumechomeka antena imesachi chaneli sifuri. Nimebadilisha antena tatu. Tatizo antena?

#33 Ngosha Mtaalam
Hapana, usinunue ya nne. Marekani mfumo wao wa kurusha TV ni ATSC sisi huku DVB-T2, hiyo TV haielewi lugha ya mnara wetu hata ukiipandisha Kilimanjaro. Chukua king'amuzi uchomeke kwa HDMI basi. Na kabla ya yote soma nyuma kama imeandikwa 100-240V, kama ni 120V peke yake usichomeke bila transfoma.

#34 Shemeji wa Houston
Imeandikwa 100-240. Shukrani, nilikuwa naelekea Kariakoo saa hii.

#35 Mzee Upanga
Binti, nikupe ujanja wa zamani. Toka nje uangalie antena za majirani za juu ya paa zinaelekea wapi. Zikielekea upande mmoja zote, huko ndo kwenye mnara, hata kama dirisha lako zuri lipo upande mwingine. Angalia na vile vijiti vyake vimelala au vimesimama, ya kwako nayo ilale au isimame vilevile. Na kama dirisha lina nondo, isigusane na nondo, isogeze ndani shibiri moja. Ukiishika kwa mkono ikawa nzuri na ukiiacha ikaharibika ujue mwili wako ulikuwa unasaidia, ina maana mahali pale hapafai.

#36 BintiKimanga
Shikamoo mzee. Nimeangalia, zote zinaelekea upande wa chumba cha kulala cha bibi! Sebuleni nilikuwa nimeielekezea barabarani. Na kweli nikiishika inakuwa nzuri, mdogo wangu alishasimama nayo dakika kumi siku ya bajeti bibi amalize kusikiliza.

#37 mama_Junior2
Jamani huyo mdogo apewe soda

#38 BintiKimanga
Wadau nimerudi na jambo la ajabu. Juzi Jumanne saa moja usiku umeme ulikatika mtaa mzima. Mdogo wangu ana betri ya sola na kainveta kadogo, bibi kaniomba tuwashe TV kwa hiyo betri ajue habari. Antena ipo palepale sebuleni, busta ipo, sijagusa kitu. UBORA 76. Taarifa ya habari yote toka salamu mpaka michezo bila kukwaruza hata mara moja. Bibi kanishika mkono anasema leo mmefanyaje. Umeme ulivyorudi saa tatu na dakika ishirini nikaendelea na betri nione, ubora ukashuka mpaka 30 hapohapo.

#39 Ngosha Mtaalam
Kesi imeisha. Taa zote za mtaa zilizima, kelele ikaondoka. Umeme uliporudi taa zikawaka, kelele ikarudi. Na wewe bado upo kwenye betri, kwahiyo siyo umeme mdogo fundi.

#40 Fundi Side
Haijaisha. Inveta ya bei ndogo nayo ikianza kuchoka volti zinashuka, saa moja na zaidi TV inakula betri hiyohiyo. Dada ungepima ile USB na mita. Na ubora uliishia 30, siyo 18 kama kawaida yako. Hiyo tofauti ya 12 ni nini?

#41 Mtu wa Minara
Na mnara wa simu je? Mtaa ukizima mnara mdogo unaweza kuwa kwenye betri zake au umezima kabisa. Dada simu ilikuwa na mtandao ule muda?

#42 BintiKimanga
Ulikuwepo ila wa kusuasua, meseji zilikuwa zinachelewa.

#43 Mtu wa Minara
Basi.

#44 Ngosha Mtaalam
"Basi" nini? Ulikuwepo!

#45 Pwani Raha
Juzi Jumanne mchana kulikuwa na mawingu Dar nzima, jua halikuwaka. Nasema tu.

#46 Abuu Swaumu
Dada usibadilishe vitu viwili siku moja hata wakikuambia nini. Leo balbu, kesho busta, keshokutwa chumba. Andika namba kwenye karatasi saa mbili kamili kila siku. Ukivibadilisha vyote siku moja ikapona hutajua kilichoponya, na siku ikiharibika tena utaanza upya.

#47 BintiKimanga
Nimefanya hivyo. Mama wa chumba cha pili kakubali tubadilishe balbu ya korido, nimemnunulia nyingine yenye jina, ile ya zamani ukiitikisa inalia kama njugu. Jana saa mbili kamili: 41. Picha bado inaganda mara mojamoja lakini sauti haikatiki tena, bibi kasikiliza habari yote kwa masikio. Leo natoa busta.

#48 Ngosha Mtaalam
Kutoka 18 mpaka 41 kwa balbu MOJA. Mhesabie na za jirani wa juu.

#49 Fundi Side
Toka 41 mpaka 76 ni umeme. Dada nipo Tabata Segerea Jumamosi, nikija na mita sitatoza kitu, nataka nione hiyo USB saa mbili usiku kwa macho yangu.

#50 BintiKimanga
Karibu sana fundi, bibi kasema atakupikia. Ila njoo kabla ya saa mbili, ikianza habari hataki mtu apite mbele ya TV.